Saa Nne Kamili kwenye Daraja la Mkono

Mniwie radhi kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, ule ambao mama yangu alinikataza hata kupokelea chumvi, na sababu yake mtaijua mbele ya safari. Jina la nchi yetu silitaji. Sheria inataka anayelitaja awe amesimama, na hapa nilipo kusimama hakuruhusiwi.

Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina mto mmoja, Kiongozi mmoja na daraja moja, na katika hivyo vitatu ni mto peke yake ambao hatujawahi kuutungia wimbo.

Daraja lenyewe ni la kuinuka. Boti zikija, sakafu yake inanyanyuka kutoka ukingo wetu na kusimama wima, kama mkono wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Boti zikishapita, linalala, watu wanaendelea kuvuka. Siku ya uzinduzi Kiongozi alilitazama likinyanyuka akadhani linamsalimia. Naye, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, akainua mkono wake wa kulia kuitikia. Mawaziri wakainua. Majenerali wakainua. Wapiga tarumbeta wakaacha tarumbeta zikaanguka, wakainua. Kufikia Jumatatu ilikuwa sheria: daraja likiwa juu, kila anayeliona, raia au askari, atainua mkono wa kulia na kuuacha juu mpaka daraja lilale. Wasio na mkono wa kulia walipewa wiki mbili za kujieleza.

Kikaundwa na Kikosi cha Viwiko. Kazi yake ilikuwa kutazama nani kakunja kiwiko daraja likiwa juu, na likishalala kumfuata na kumnyooshea kwa nyundo. Msije mkasema ni ukatili. Nyundo ilikuwa imefungwa kitambaa.

Tukaliita Daraja la Mkono, tukalipenda. Mimi nilikuwa karani wake.

*

Daraja lilikuwa na wafanyakazi thelathini na watatu. Thelathini walikuwa wasimamizi, mmoja nilikuwa mimi, na wawili waliobaki, Chande na Nyange, ndio waliojua kuliinua. Hakuna mwingine aliyejua. Mhandisi aliyelijenga alinyongwa wiki ileile lilipokamilika, kwa heshima zote, asije akajenga la pili.

Wengine wanadhani ni kuvuta mpini tu. Sivyo. Kuna gia ya tatu ambayo lazima uipige teke la kisigino, si kwa nguvu, halafu utulie uisikilize, halafu ndipo uvute. Ukikosea, daraja linalia na halitoki mahali pake. Chande na Nyange waliigundua hiyo siri wenyewe, kwa kubahatisha, na wasimamizi thelathini wakawaandikia barua ya onyo kwa kupiga teke mali ya umma.

Boti za mtoni zilikuwa arobaini na nne. Zilileta mihogo, ndizi na mkaa kutoka juu, mizigo imepangwa mpaka imefika urefu wa ghorofa mbili, ndiyo maana hazikuweza kupita chini ya daraja. Kila moja ilikuja saa iliyotaka na kupiga honi. Siku nyingine daraja lilinyanyuka mara thelathini. Watu walichelewa kazini wakiwa wamesimama na mikono juu, ndizi ziliivia kwenye foleni, na Chande na Nyange walisinzia huku wamekumbatia mpini.

"Karani," Chande aliniambia siku moja, "hebu tuandikie barua wizarani."

"Tuseme nini?"

"Tuombe ratiba tu. Daraja linyanyuke mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na alasiri. Boti zijipange, zipite kwa mkupuo. Na watuongezee watu wawili hivi. Miguu ya Nyange imevimba, itazame."

Niliitazama. Ilikuwa imevimba kweli. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wangu wa zamani ambao hata wasimamizi waliusifia. Laiti ningejua, ningeunywa ule wino.

*

Barua ilimfikia Waziri wa Uwiano, Mheshimiwa Daktari Kanali Zongolo. Akaunda tume ya watu arobaini. Tume ikakaa miezi sita katika hoteli moja ya milimani ambako mto hauonekani, ili wajumbe wasiyumbishwe na hali halisi. Halafu Mheshimiwa akaenda redioni.

"Ndugu wananchi! Tume imebaini kwamba boti ni arobaini na nne. Imebaini vilevile kwamba wainuaji ni wawili. Nawauliza, je, huu ni uwiano? Huu si uwiano! Arobaini na mbili zimezidi! Serikali yenu sikivu imeisikia kiu yenu, na kuanzia Alhamisi tunasawazisha!"

Kibandani tulishangilia mpaka wasimamizi wakaja kutusimamia. Nyange alicheza ngoma na miguu yake ileile. Tulijua wanakuja kuajiriwa watu arobaini na wawili, na tukaanza kubishana watakaa wapi, maana kibanda chetu kilikuwa na viti viwili na ndoo ya grisi.

Alhamisi asubuhi wakaleta mizinga.

Waliipanga ukingoni, daraja likiwa limelala na mikono yao ikiwa huru. Walianza na boti za mbele, kwa kuwa hizo ndizo zilizosubiri muda mrefu zaidi. Kombora la kwanza lilipasua boti ya mihogo katikati. Mihogo iliruka, na watu waliokuwa wameikalia wakaruka nayo, na walioshuka hawakuwa wengi kama waliopanda. Boti za mkaa ziliwaka tangu mbele hadi nyuma, na waliojitupa majini wakiwaka waliendelea kupiga kelele chini ya maji, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana. Mama mmoja aliogelea mpaka ukingoni akiwa na mtoto mgongoni. Askari akamsaidia kupanda, akamuuliza boti yake ni namba ngapi, akaitazama orodha, akamrudisha.

Mimi nilikuwa nahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Kitabu changu kilikuwa na safu mbili tu: Zinazosubiri na Zilizopita. Hakukuwa na safu ya zilizozama. Nikaziandika kwenye Zilizopita.

Zilipobaki mbili, king'ora kikalia na mizinga ikanyamaza. Ya kwanza ilikuwa Utiifu, boti ya shemeji yake Waziri, ambayo haikuwa imelengwa na mtu yeyote. Ya pili ilikuwa Haraka ya Nini, boti ya Mashavu, dada yake Chande wa tumbo moja. Injini yake ilikuwa imezimika huko juu kama kawaida yake, na alipofika hesabu ilikuwa imeshatimia. Alikuta mto mweusi, umejaa vichwa. Akaokota watu thelathini na mmoja, wengine hawana ngozi, akawaficha chini ya mihogo.

Chande alitapika kwenye ndoo ya grisi. Akafuta mdomo, akaniuliza, "Karani, nakala ya ile barua unayo?"

"Ninayo."

"Ichome."

*

Lakini ratiba tuliyoomba tuliipata, tena ikiwa na sahihi ya Kiongozi mwenyewe. Daraja litanyanyuka mara moja tu kwa siku, saa nne kamili asubuhi, kwa dakika kumi. Atakayelichelewesha atapigwa risasi. Kusimamia hilo tukaletewa Kapteni Kitwana, mtu safi sana, saa mkono wa kushoto, bastola mkono wa kulia. Alisimama nje ya dirisha la kibanda, akapitisha mtutu kati ya nondo, akatusalimia kwa jina mmoja mmoja.

Siku ya kwanza zamu ya mpini ilikuwa ya Nyange. Saa nne ilipofika, bibi kizee mmoja mwenye kikapu cha mayai alikuwa katikati ya daraja, anatembea mwendo wa miaka yake.

"Inua," akasema Kapteni.

"Afande, kuna bibi pale. Dakika moja tu atakuwa amevuka."

Kapteni alisubiri. Kusema haki, alisubiri dakika mbili nzima, akiitazama saa yake, kwa sababu kosa la kuchelewesha halikamiliki kabla ya dakika mbili. Halafu akampiga Nyange risasi ya kichogo. Damu iliruka mpaka kwenye kitabu changu, kwenye safu ya Zinazosubiri.

"Sasa wewe, Chande," akasema Kapteni. "Tafadhali."

Mtutu ulikuwa umehamia sikioni mwa Chande, bado una moto. Chande akamruka mwenzake, akapiga teke gia ya tatu, akasikiliza, akavuta. Bibi alikuwa amebakiza hatua kama kumi. Alishika ukingo wa chuma, akatutazama. Mkono wake wa kulia aliuinua, alikuwa raia mwema, na kwa ule mmoja uliobaki hakuweza kujizuia. Mayai yalitangulia.

Tangu siku hiyo Chande hakula chochote akiwa kazini. Alikaa akiutazama mpini.

Wizara nayo haikulala. Mwinuaji mmoja, boti mbili: uwiano ulikuwa umeharibika tena. Baada ya majuma mawili ikaja amri yenye mihuri minne. Boti moja izame, nayo ni Haraka ya Nini, na izame hadharani, katika Sikukuu ya Uwiano, mgeni rasmi akiwa Mheshimiwa Waziri.

*

Ratiba ya sikukuu ilichapishwa kwenye kofia na kanga, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema haijui. Saa tatu na nusu, hotuba. Saa nne kamili, daraja juu, na Utiifu ipite kwa heshima. Saa nne na dakika kumi, daraja chini. Saa nne na robo, mzinga upigwe na Haraka ya Nini izame, wageni wakinywa soda.

Mashavu aliamriwa akae nyuma ya Utiifu, mbele ya mdomo wa mzinga, injini ikiwa imezimwa. Kuruka majini kulikatazwa. Aliketi kwenye usukani wake, kanga imefungwa kiunoni, na chini ya mihogo watu wake thelathini na mmoja, maana kila alikojaribu kuwateremsha kulikuwa na askari mwenye orodha.

"Karani," Chande alininong'oneza, "kutoka hapa mpaka kona ya mpaka, boti ya Mashavu inachukua muda gani?"

Kona ya mpaka ni pale mto unapokunja na kuingia nchi ya jirani. Mizinga yetu haikunji.

"Saa moja, injini ikiwa nzima," nilisema.

"Haijawahi kuwa nzima."

"Basi sijui."

Akatikisa kichwa, akaufunga mlango wa chuma kwa komeo.

Mheshimiwa Zongolo alipanda jukwaa lake. Lilikuwa limewekwa kwenye ncha kabisa ya daraja, ile inayonyanyuka, ili kila ukingo umwone. Alikuwa na karatasi nyingi. Alizungumzia uwiano wa maji na samaki, wa meno na ulimi, wa Kiongozi na sisi. Saa nne kasoro dakika tano alikuwa bado kwenye ukurasa wa kumi na moja.

"Afande," Chande alimwambia Kapteni, "Mheshimiwa bado yupo juu ya daraja."

Kapteni hakugeuka. Alikuwa anaitazama saa. "Ratiba imesainiwa na nani?"

"Na Kiongozi."

"Imesema ni saa nne kamili isipokuwa nini?"

"Haijasema isipokuwa."

"Unataka kuongezea neno lako kwenye maneno ya Kiongozi?"

"Hapana, Afande. Nilitaka tu ulisikie langu, na Karani aliandike."

Nililiandika. Ninavyomjua Kapteni, siku nyingine yoyote angegeuza shingo. Lakini alikuwa amempiga mtu risasi kwa kosa la dakika mbili, na tangu hapo hizo dakika alizitazama kama mtu anayelinda shamba lake. "Inua," akasema, na mtutu ukaligusa sikio la Chande.

Chande akapiga teke gia. Akasikiliza. Akavuta.

Daraja likaanza kunyanyuka, na mji mzima ukainua mkono wa kulia. Kapteni aliinua wake, bastola ikaelekea mbinguni. Wapiga mzinga waliinua yao. Walinzi sita wa Waziri, vijana wenye shingo nene, waliinua yao, wakabaki wanamtazama bosi wao akianza kuelea. Jukwaa liliserereka na kumwacha. Karatasi zikatawanyika. Mheshimiwa alishika ncha ya daraja kwa mkono wa kushoto akaning'inia, na mkono wa kulia, naapa, aliuinua. Hapo nilimheshimu. Na hotuba hakuikatiza.

"Kwa sababu nidhamu ya wakati, ndugu wananchi," alipaza sauti kutoka kule juu, "haimchagui..."

Vidole vikaachia. Alishuka akiwa ameunyoosha mkono, na chini yake ilikuwa inapita Utiifu, kwa heshima, kwa wakati barabara. Alipasua sitaha akaangukia kwenye mapipa ya mafuta yaliyokuwa karibu na jiko ambalo shemeji yake alikuwa anachomea nyama ya sherehe. Mlipuko ulivunja madirisha ya wizara tatu. Kiatu cha Mheshimiwa kiliangukia meza ya wageni, kikiwa na mguu.

Hakuna aliyeshusha mkono.

*

"Mashavu!" Chande alipiga kelele kupitia nondo. "Washa! Pita!"

Mashavu aliwasha. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikakubali. Haraka ya Nini ilipita katikati ya vipande vinavyowaka, na yule mwanamke alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili. Maelfu ya watu walikuwa ukingoni, na yeye peke yake hakuinua. Nilishtuka kuliko nilivyoshtukia mlipuko.

Hatua hamsini baada ya daraja, injini ikazimika, na boti ikakwama kwenye mabaki ya zile zilizozama.

"Piga mzinga!" Kapteni alifoka.

Wapiga mzinga wakamtazama, mikono juu. Kamba ya kufyatulia ilikuwa inaning'inia mbele ya pua zao. Askari mmoja mwenye ari alijaribu bunduki kwa mkono wa kushoto, risasi ikaingia shavuni mwa mwenzake na kutokea shavu la pili. Papo hapo Kapteni akawapiga marufuku askari kutumia mkono wa kushoto, kwa sababu za kiusalama.

"Shusha daraja, Chande!"

"Afande, nikilishusha utafanya nini?"

"Nitaizamisha ile boti, kisha nitakupiga risasi." Kapteni hakuwa mwongo.

"Lakini sasa uwiano upo. Utiifu imekwisha. Boti ni moja na mwinuaji ni mmoja."

Kapteni alifikiri. "Amri inasema izame Haraka ya Nini. Haisemi isipokuwa."

"Basi daraja litabaki juu mpaka dada yangu apite kona," akasema Chande, akakaa kwenye kiti cha Nyange.

Askari walijaribu mlango kwa miguu, kwa kuwa sheria haikutaja miguu. Ulikuwa mlango wa chuma. Waliupiga mateke mpaka vidole vikavunjika ndani ya buti, kisha wakaigeukia halaiki. Kufikia saa nane mchana watu walikuwa wanaanza kulegea, na kila mkono ulioshuka uliletewa mateke ya mbavu mpaka mwenyewe aache kupumua au auinue tena. Wengine walijifunga mkono kwenye nguzo za taa kwa kanga zao, zile zile zenye ratiba. Mzee mmoja alikufa akiwa amefungwa hivyo, na kwa kuwa mkono wake ulibaki juu, hakuna aliyejua mpaka inzi walipomjulisha.

Chande aliwapigia kelele: "Shusheni! Ninyi ni maelfu! Hawana mkono wa kuwapiga nao!"

Kila mtu alimsikia. Walimtukana yeye. Walimwita muuaji, walimtukania mama yake. "Shusha daraja, mwanaharamu! Mikono inakatika!" Mama mmoja alikinyanyua kichanga kwa mkono wa kushoto, akakielekeza dirishani mwetu. "Huyu amekukosea nini?" alilia.

Kufikia kukucha walikuwa wamekufa watu kumi na saba. Boti ilikuwa palepale. Tulisikia nyundo ya Mashavu ikigonga chuma, ikinyamaza, ikigonga tena.

Na mimi je? Nilikuwa ndani ya kibanda, mlango umefungwa, hakuna wa kunipiga teke, na mkono wangu wa kulia ulikuwa juu tangu jana. Haukuwa mkono tena, ulikuwa kitu kizito kilichopigiliwa begani kwangu. Chande mwenyewe hakuinua, na wala hakunitazama. Ilipogonga saa tatu asubuhi, nililia.

"Chande, ndugu yangu, shusha. Nakuomba. Wanakufa watu."

"Nimewaona."

"Kwa ajili ya mtu mmoja!"

"Thelathini na wawili." Akausukuma mpini kidogo kuelekea kwangu. "Huo hapo, Karani. Kushusha hakuhitaji teke, ni kuvuta tu. Mkono wako wa kushoto uko huru. Sitakuzuia, sina nguvu."

Niliuweka mkono wangu wa kushoto kwenye mpini. Huu huu ninaoandikia. Chuma kilikuwa na joto la viganja vyake. Nataka mlijue hili, kwa sababu baadaye watu watasema nilikuwa upande wake. Niliuvuta. Niliuvuta kiasi cha upana wa kidole, na daraja likatikisika, na nje halaiki ikashangilia kwa furaha ambayo sijapata kuisikia hata kwenye sikukuu ya Kiongozi.

Ile shangwe ndiyo iliyonitia aibu. Nikauachia. Chande akaurudisha mahali pake, akanifuta kamasi kwa kiganja chake chenye grisi.

Saa sita mchana injini ikakohoa. Ikashika. Haraka ya Nini ilijiburuta polepole sana, kama mgonjwa anayetolewa wodini, ikapungua, ikawa ndogo, ikafika konani. Mashavu aligeuka mara moja. Alikuwa mbali, sikuuona uso wake. Halafu kona ikammeza, yeye na mihogo yake na watu wake.

"Andika," akasema Chande.

Niliandika kwa kushoto, maandishi yangu ya kwanza kwa mkono huo: Haraka ya Nini. Imepita. Na kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi safu ilisema kweli.

"Sasa ingia chini ya meza, Karani."

"Chande, hebu ngoja..."

"Watu kule nje wamechoka. Ingia."

Niliingia. Alivuta mpini kwa utaratibu, kama alivyoshusha siku zote, daraja lisiumie. Nililisikia likilala juu ya ukingo. Kisha nikasikia maelfu ya mikono ikishuka, sauti moja kubwa ya nguo, na mlio wa watu kulia kwa raha. Na katika mikono hiyo ulikuwemo wa Kapteni. Alifyatua risasi sita kupitia nondo. Chande alianguka akiwa amenielekea, macho wazi, na damu yake ikapita chini ya meza ikanilowesha magoti.

Nilikuwa nimemwomba ashushe. Sote tulikuwa tumemwomba.

*

Wizara ya Uwiano imetangaza ushindi. Mwinuaji hakuna, boti hakuna. Sifuri kwa sifuri, uwiano ambao nchi nyingine zinauota tu. Daraja limelala na halitainuka tena, kwa sababu wasimamizi thelathini wamevuta mpini kwa zamu majuma mawili na limelia tu. Walikuja kuniuliza kama najua gia ya tatu inafanywaje. Nimekaa kwenye kile kibanda miaka tisa, nimeliona lile teke kila siku. Nimewaambia mimi ni karani tu.

Kilichonileta humu ni kitu kingine. Siku ile nilipotoka chini ya meza, mkono wangu ulikataa kushuka. Nilitaka ushuke, Mungu anajua nilivyotaka. Nilijikanda, nilijining'iniza, daktari wa jeshi aliukalia. Ulibaki juu. Nilipotazama ukingoni niliwaona wengine, mmoja hapa, watatu pale, yule mama mwenye kichanga akiwemo, wamesimama na mikono iliyokauka, wanaomba radhi kwa kila aliyewatazama. Na sheria, iliyotaka mkono uwe juu daraja likiwa juu, inasema vilevile kwamba kuinua mkono daraja likiwa limelala ni kulifanyia dhihaka.

Tuko sitini na wawili katika bohari hili. Tumehukumiwa mikono ishushwe na serikali, kwa msumeno, kuanzia begani, kesho saa nne kamili. Anayeweza kuushusha mwenyewe kabla ya hapo atarudi nyumbani kwake. Kapteni Kitwana anakuja kila asubuhi kutukumbusha, kwa upole, akitutaja majina.

Leo alfajiri nilihisi mchonyoto kwenye vidole. Ukateremka mpaka kiwikoni, ukafika begani, joto likarudi, na nilipojaribu, kidole gumba kikajikunja. Nilimtazama mama mwenye kichanga. Alikuwa ananitazama. Aliukunja mkono wake wote kwenye kiwiko, polepole, akanionyesha, kisha akaunyoosha tena juu.

Kapteni aliingia akauliza kama kuna yeyote aliyepona.

Nilikinyoosha kidole gumba changu, na mikono yote sitini na miwili ilikuwa juu.